Kikohozi Kinapokataa Dawa

Mkulima wa chai wa Rungwe akikohoa majuma matatu mfululizo, jambo la kwanza linalomjia yeye mwenyewe, jirani zake na tabibu wa zahanati yake ni kifua kikuu. Hawakosei kufikiri hivyo. Ugonjwa huo tunaufahamu kwa muda mrefu, na hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro imewapokea wagonjwa wake tangu mwaka 1926. Tunayetaka kumzungumzia leo ni mtu mwingine, ambaye makohozi yake yamepimwa mara mbili na vijidudu havikuonekana, akaandikiwa dawa za kifua kikuu kwa dhana tu, akazimeza miezi sita kwa uaminifu, na mwisho wa miezi hiyo akawa amekonda zaidi kuliko alivyoanza. Mtu huyu yamkini hakuwa na kifua kikuu hata siku moja. Yamkini ana saratani ya mapafu, na miezi sita aliyoipoteza ndiyo miezi ambayo mpasuaji angeweza kumfaa.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia atauliza, Rungwe na sisi wapi na wapi? Tunamjibu kwamba safari ni moja. Mgonjwa wa Tukuyu hutoka katika baridi na mvua ya mlimani, akashuka kilomita 70 hivi hadi Mbeya, na kutoka Mbeya akasafiri kilomita zaidi ya 800 hadi Dar es Salaam. Mgonjwa wa visiwani huvuka bahari. Wote wawili hukutana katika baraza za Muhimbili, au katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, lile jengo la Wajerumani la pwani ambalo tangu mwaka 1996 ni taasisi inayojitegemea. Tofauti ni urefu wa njia na namna ya chombo, lakini kuchelewa ni kule kule. Aidha, waheshimiwa watendaji wa serikali zetu mbili wanajua kwamba afya si jambo la Muungano, bali utafiti ni jambo la Muungano, limeandikwa hivyo katika Katiba. Kwa hiyo linalochunguzwa Mbeya kuhusu mapafu ya Mnyakyusa ni mali halali ya Mpemba, naye ana haki ya kuuliza limefikia wapi.

Historia inatupa moyo katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1970 madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walifanya majaribio ya kufupisha tiba ya kifua kikuu. Wakati huo mgonjwa alikunywa dawa mwaka mzima au mwaka na nusu, na wengi waliziacha njiani. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionesha kwamba kwa mchanganyiko unaofaa wa dawa miezi sita ingetosha. Kisha mwaka 1977, mwaka ule ule ambao TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na Dokta Karel Styblo wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Mpango huo haukutegemea majumba makubwa. Ulitegemea darubini katika hospitali ya wilaya, dawa zisizokatika, mratibu anayezunguka, na daftari. Ndiyo, daftari: kila mgonjwa aliandikwa jina, tarehe, matokeo ya makohozi, na mwisho wake, kama amepona, amekufa au amepotea. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupeleka katika mataifa mengi. Walimwengu walijifunza kwa daftari letu.

Sasa daftari lile lile ndilo linaloficha saratani. Hatusemi haya kwa kuwalaumu watabibu wa Makandana wala wa Igogwe. Dalili za magonjwa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja: kikohozi kisichokwisha, damu katika makohozi, kukonda, maumivu ya kifua, pumzi kuwa fupi. Katika picha ya eksirei kivuli cha uvimbe na kivuli cha kovu la kifua kikuu huweza kumbabaisha hata mzoefu. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa mwaka 2010, imetusogeza mbele sana katika kuvitambua vijidudu, lakini inapojibu kwamba hakuna kijidudu haisemi basi kuna nini. Hapo tabibu hubaki peke yake na mgonjwa anayekohoa mbele yake, na dawa alizo nazo kabatini ni za kifua kikuu. Wewe msomaji ungefanya nini?

Kuna kisa ambacho kila anayezungumzia upasuaji wa kifua hana budi kukitaja. Tarehe 5 Aprili, 1933, katika mji wa St. Louis huko Marekani, Dokta Evarts Graham alilitoa pafu zima la kushoto la mgonjwa mwenye saratani, James Gilmore, ambaye naye alikuwa daktari. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kulitoa pafu zima la mwenye saratani kwa mkupuo mmoja na mgonjwa akaishi. Gilmore aliishi miaka 30 baadaye, hadi mwaka 1963. Graham aliyemtibu alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950, pamoja na kijana Ernst Wynder, alichapisha uchunguzi ulioonesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na mwaka huo huo Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa uchunguzi wao Uingereza wenye kauli hiyo hiyo. Graham aliacha kuvuta, lakini ajali ilikwisha tangulia: mwaka 1957 alikufa kwa saratani ya mapafu, nao Gilmore akabaki hai. Ametukuka aliyeandika ajali za waja.

Tangu wakati ule upasuaji umesonga kutoka kukata kingi hadi kukata kidogo. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kuitoa sehemu nzima yenye uvimbe. Mwaka 2022 Wajapani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, wakauliza kama inatosha kukata kipande tu cha sehemu hiyo. Inatosha: baada ya miaka mitano waliokatwa kipande walikuwa hai 94.3 katika kila 100, na waliotolewa sehemu nzima 91.1. Ni habari njema kabisa. Lakini sentimita 2 ni chini ya upana wa sarafu, na uvimbe wa namna hiyo haumkohozi mtu. Wajapani waliugundua kwa kuwapiga picha watu walio wazima. Wamarekani nao walionesha mwaka 2011, kwa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, kwamba picha za CT za mionzi midogo zilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20.

Tukiyachukua hayo mabichi na kuyapanda Rungwe hayataota. Nchi ambayo watu wengi wana makovu ya kifua kikuu kifuani, picha za CT za kila mtu zitaonesha vivuli vingi visivyo saratani, na wazima watachomwa sindano bure. Swali la Japani ni kipande kidogo kiasi gani kinatosha kukatwa. Swali la Tukuyu ni siku ngapi zinapita baina ya kikohozi cha kwanza na mkono wa mpasuaji, na siku hizo zinapotelea wapi: nyumbani, kwa mganga, zahanati, katika dozi ya pili ya dawa isiyohusika, au katika kutafuta nauli? Swali hili halihitaji mashine ya mabilioni.

Na watu wa kulichunguza tunao. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo Tukuyu penyewe na kituo kikubwa Mbeya. Kituo cha Mbeya kilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyojaribu dawa mpya na dozi kubwa za kifua kikuu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Mwaka huo huo kiliingia katika uchunguzi wa nchi nne, yaani Gambia, Msumbiji, Afrika Kusini na Tanzania, unaowafuata wagonjwa baada ya kupona kifua kikuu ili kujua mapafu yao yamebaki na nguvu gani. Kwa maoni yetu huu ndio mlango. Wanaomfuata mgonjwa wa makovu wanaweza kumfuata pia yule ambaye vijidudu havikuonekana na dawa haikumfaa.

Tuseme wazi kwamba utafiti usiokuwa na mpasuaji mwisho wake ni kuhesabu makaburi. Upasuaji wa kifua hauanzi na kutoa pafu. Unaanza na mrija wa kutoa maji au usaha kifuani, kazi ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuifanya, na maji hayo yakapelekwa maabara badala ya kumwagwa. Unafuata kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa sindano na kusomwa na mtaalamu wa tishu, kwani bila jibu lake hakuna atakayethubutu kupasua wala kuchoma mionzi. Sehemu ya mkopo wa shilingi takriban trilioni 1.3 wa mwaka 2021 ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa, nasi tunaipongeza Serikali. Lakini picha bila msomaji wa picha ni karatasi. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kinafundisha wapasuaji wa moyo na kifua ndani ya hospitali zetu wenyewe. Halmashauri zinazolalamika kuwa hazina wataalamu ziulizwe zimemtuma nani.

Hatuwezi kunyamaza juu ya moshi. Rungwe ni nchi ya baridi, mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, na katika miezi ya kipupwe moto wa kuni huwaka jikoni tangu alfajiri hadi usiku, mlango umefungwa. Anayeuvuta moshi huo ni mama na mtoto wa mgongoni, ambao hawajashika sigara maishani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi ikifika Tukuyu mjini tu na isifike Mwakaleli, itakuwa imewafikia wasioihitaji zaidi. Na kuhusu tumbaku, tuna sheria ya mwaka 2003, na katika mkoa huo huo wa Mbeya tuna Chunya, ambako tumbaku inalimwa na kutuletea fedha za kigeni. Wanaopanga bajeti wanaujua mkanganyiko huo kuliko sisi.

Tunalowaomba Waganga Wakuu wa Wilaya, bara na visiwani, ni dogo. Katika daftari la kifua kikuu iongezwe safu mbili. Ya kwanza ni tarehe mgonjwa alipoanza kukohoa, kwa maneno yake mwenyewe, hata akisema ni wakati wa kuvuna mpunga au wa vuli. Ya pili ni kwa yule ambaye makohozi hayakuonesha kitu: baada ya miezi miwili ya dawa, amepata nafuu au la? Aliyejibu la, karatasi yake iende Mbeya, au Mnazi Mmoja, juma hilo hilo.