Usilitupe jalada la santuri ya babu!

KWA miaka mingi kulikuwa na santuri moja isiyo na jalada katika kabati la marehemu baba yangu. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya gazeti. Aliyeliharibu jalada lake ni mimi.

Mwaka wa 1987 nilikuwa darasa la nne hapa Nairobi, na mwalimu wa Sanaa na Ufundi alikuwa ametuagiza tuje na kadibodi. Sikuwa nayo. Nikafungua kabati, nikatoa jalada lenye picha ya wanaume wanne wakivuka barabara, nikalikata kwa makasi na kuunda paa la nyumba. Baba aliporejea jioni hakunichapa. Aliiokota santuri yake, akaifuta vumbi kwa ncha ya shati, kisha akasema: "Mwanangu, umewakata Beatles miguu."

Wakati huo sikujua nilichokuwa nimekikata.

Dakika kumi barabarani

Picha hiyo ilipigwa London asubuhi ya Agosti 8, 1969. Mpiga picha, Iain Macmillan, alipanda ngazi katikati ya barabara ya Abbey Road, huku askari akiyazuia magari. Alipewa kama dakika kumi hivi. Alipiga picha sita tu, na ya tano ndiyo iliyochaguliwa. Upande wa mbele haukuandikwa jina la bendi wala la albamu. Nani asiyewajua Beatles?

Paul McCartney alivuka miguu mitupu. Basi watu wakaanza kunong'ona kwamba alikuwa amekufa zamani na huyo ni mtu mwingine! Walidai kwamba John Lennon, aliyevaa nyeupe, ni kasisi. Ringo Starr, mwenye suti nyeusi, ni msimamizi wa mazishi. Naye George Harrison, aliyevaa nguo za jinzi, ni mchimba kaburi. Uvumi mtupu, lakini waonyesha jinsi watu walivyolikodolea macho jalada lile. Mwaka wa 2010, kivuko chenyewe kiliorodheshwa rasmi nchini Uingereza miongoni mwa mambo ya kale yanayolindwa na sheria.

Vimeundwa

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Zamani santuri nyingi ziliuzwa katika karatasi kavukavu zisizo na pambo lolote. Ni kijana wa Marekani, Alex Steinweiss, aliyeajiriwa na kampuni ya Columbia mwaka wa 1939, aliyewashawishi wakubwa wake kwamba mnunuzi huvutwa kwanza na macho, kisha masikio. Wanamuziki wa roki walipoupata mwanya huo, hawakuuacha.

Mwaka wa 1967, Beatles walitoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Wasanii Peter Blake na Jann Haworth waliwapanga wanamuziki hao mbele ya sanamu na picha za watu mashuhuri zaidi ya 50. Mahatma Gandhi alikuwemo, akaondolewa kwa kuhofia kuwaudhi Wahindi. Nyuma ya jalada yalichapishwa maneno ya nyimbo zote, jambo lililokuwa geni kwa albamu za aina hiyo.

Nao Pink Floyd walitegemea kampuni ya Hipgnosis, ya Storm Thorgerson na Aubrey Powell. Kwa jalada la Wish You Were Here la mwaka wa 1975, walitaka picha ya mtu anayeungua akisalimiana na mwenzake kwa mkono. Siku hizi kompyuta ingemaliza kazi hiyo upesi. Wao walimwasha moto mtu wa kweli! Ronnie Rondell, bingwa wa vituko vya hatari katika filamu, alivaa nguo za kujikinga ndani ya suti yake, akawashwa mara kadhaa huko California. Upepo ulipogeuka, ndimi za moto zilimrukia usoni zikamchoma masharubu.

Desemba 1976 baluni kubwa ya nguruwe, iliyorushwa juu ya mtambo wa umeme wa Battersea kwa ajili ya albamu ya Animals, ilikata kamba ikapaa hadi kwenye njia za ndege za Heathrow. Iliangukia shambani huko Kent.

Hata kwetu Afrika Mashariki tuna letu la kujivunia. Katika jalada la Queen II la mwaka wa 1974, picha yake Mick Rock, uso ulio katikati ya giza, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, ni wa Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946.

Tazama nyuma

Jalada la santuri lilikuwa na upana wa sentimita 30 hivi. Familia nzima iliweza kulizunguka mezani, huyu akisoma maneno, yule akihesabu sura. CD ilipokuja mwaka wa 1982, picha ilipungua ikawa sentimita 12. Leo mwanafunzi huiona kwenye simu ikiwa ndogo kama stempu, naye huitazama peke yake.

Juzi nilinunua jalada jingine la Abbey Road kutoka kwa muuzaji wa santuri kuukuu. Nimeitia humo santuri ya baba, na wanaume wale wanne wana miguu tena. Lakini si jalada lile. Baba alizoea kuandika kwa kalamu ya wino, nyuma ya kila jalada, tarehe aliyolinunua na jina la aliyekuwa naye siku hiyo. La Abbey Road lilikuwa na jina la mama. Tarehe siikumbuki, na wote wawili hawapo niwaulize.

Basi, msomaji, siku mtakaposafisha nyumba na kukuta santuri za babu, zisimamisheni wima mbali na jua na unyevu. Na kabla ya kulitupa jalada lolote, ligeuzeni kwanza msome nyuma.