Unauza Nyumba Banissa? Jua Bei ya Kuitisha

Wateja wetu hutuma na kupokea pesa za karo, mifugo na kodi kila siku. Kuuza nyumba, lakini, pengine utafanya mara moja tu maishani. Ukiitisha bei ya juu sana, nyumba itakaa bila mnunuzi hadi shida ikubane, halafu uiuze kwa bei ya kutupa. Ukiitisha ya chini sana, pesa hazitatosha kujenga kwingine. Hivi ndivyo tunavyokushauri upange bei yako.

Usianze na gharama ulizotumia

Saruji na mabati hufika Banissa kwa lori kutoka mbali, na nauli yake si mchezo. Hata hivyo, mnunuzi hataangalia ulitumia pesa ngapi, wala deni unalotaka kulipa. Anaangalia kile atakachopata.

Uliza bei zilizolipwa

Jirani akisema anataka milioni tatu, hiyo ni bei ya kuitisha tu. Tafuta watu kama watatu walionunua au kuuza karibu nawe siku za hivi majuzi, uwaulize pesa iliyolipwa mwishowe. Usitegemee dalali mmoja: anaweza kutaja bei kubwa ili umpe kazi, au ndogo ili auze haraka.

Kisha linganisha: ukubwa wa ploti, kuta za mawe au za mabati, barabara, stima na hasa maji. Nyumba yenye tangi kubwa au berkad ya kuhifadhi maji ya mvua humwokolea mnunuzi pesa za boza wakati wa kiangazi. Hiyo ina thamani, itaje.

Pima kwa kodi

Tuseme nyumba kama yako hukodishwa kwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Hiyo ni 72,000 kwa mwaka. Ukiitisha 3,000,000, mnunuzi atahitaji karibu miaka 42 kurudisha pesa yake. Kwa 1,200,000 ni karibu miaka 17. Kama wapangaji hukulipa kwa simu, omba taarifa ya akaunti yako umwonyeshe. Rekodi huaminika kuliko maneno.

Karatasi ni sehemu ya bei

Sehemu kubwa ya Kaunti ya Mandera ni ardhi ya jamii, na ile ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Wengi wana barua ya kugawiwa ploti, si hati miliki. Kabla ya kutaja bei, uliza ofisi ya ardhi ya kaunti ni haki gani hasa unaweza kumuuzia mtu. Kama nyumba ni ya urithi, maliza mirathi kwanza, kwa Kadhi ikihitajika. Mnunuzi akisikia kuna mvutano, atashusha bei au atatoroka.

Angalia msimu

Hapa pesa nyingi hutoka kwa mifugo. Katika ukame ulioanza 2020, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa na wanunuzi wakakosa pesa. Ikiwa unaweza kusubiri, uza baada ya mvua nzuri, mifugo inapokuwa na bei.

Panga bei mbili

Ya kwanza ni ya kuitisha, yenye nafasi kidogo ya kupatana. Ya pili ni bei ya mwisho, na hiyo usimwambie hata dalali. Toa kwanza ada ya dalali, wakili na kodi ya serikali. Tangu 2023, kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15 ya faida, ingawa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza inaweza kusamehewa.

Pesa itaingiaje?

Kwa sasa kikomo cha kutuma kwa simu ni 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Kwa hivyo 1,200,000 haiwezi kuingia kwa siku moja. Amana inaweza kuja kwa simu, lakini salio kubwa lipitie benki. Andikeni makubaliano mbele ya mashahidi. SMS inaweza kughushiwa, kwa hivyo angalia salio lako mwenyewe, na usikabidhi funguo wala karatasi kabla pesa yote haijaingia. PIN yako usimpe mtu, hata mnunuzi akiwa wa ukoo.