Jirani Anapopiga Yowe Usiku

 

Ijumaa ya leo napenda tulizungumze jambo ambalo limewapitia wengi wetu usiku, tukiwa vitandani. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba mjini Same, katika nyumba ya wapangaji sita wenye uani mmoja. Anayeijua Same anaujua upepo wake, unaogonga mabati mpaka mtu anakata tamaa ya usingizi. Usiku mmoja, katikati ya vishindo vya mabati, nilisikia kishindo cha namna nyingine, kisha sauti ya mwanamke kutoka nyumba ya pili. Alilia, akanyamaza, akalia tena, na safari hii akaita: "Jamani majirani, nakufa!"

Nilikaa kitandani. Nilijua kwamba wapangaji wenzangu watano nao wako macho, maana nilimsikia mmoja akikohoa na mwingine akipunguza sauti ya redio. Hakuna aliyefungua mlango. Asubuhi tulikutana na mwanamke yule bombani, jicho lake la kushoto limefumba kwa uvimbe. Alisema, "Umeamkaje, kaka?" Nikajibu, "Salama." Jibu hilo linanikera hadi leo.

Hazikupita siku nne, ukelele wa "Mwizi!" ukasikika upande wa sokoni. Sote sita tulitoka mbio gizani, mmoja na rungu, mwingine na panga, na mimi, Mungu anisamehe, nimeshika mchi wa kinu. Yule aliyekuwa akikohoa ndiye aliyekuwa mbele. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu mwizi alikuwa amekwisha kutoroka, nasi tukarudi tukicheka na kusimuliana nani alikimbia zaidi.

Tangu hapo sikubali tena ninapoambiwa kwamba watu hukaa kimya kwa sababu ya woga. Mwizi yule angeweza kuwa na panga, na hatukujua kama ni mmoja au watano. Mume wa jirani tulimjua kwa jina, tulisimama naye katika safu moja ya sala, wala hakuwa na silaha zaidi ya mikono yake. Kama ni woga, tungemwogopa mwizi. Ukweli ni kwamba nyoyo zetu zilikuwa zimekwisha kutoa hukumu: mwizi ni mtu wa kupigwa, na mke ni mtu wa kupigwa vilevile, ila na mwenyewe. Katika usiku wa kwanza hukumu hiyo ilitulaza, na katika usiku wa pili ilitutoa mbio na michi.

Wala hukumu hiyo si ya wanaume peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 uliwauliza Watanzania kama zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe. Waliokubali angalau sababu moja walikuwa wanawake 58 katika kila 100, na wanaume 40. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha umri wa miaka 15. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka hadi 27. Alhamdulillah, lakini 27 katika 100 maana yake ni kwamba katika mtaa wowote yupo, na jirani zake wanamsikia.

Tena sisi watu wa Upare hatuna desturi ya kila mtu na lake. Panapohitajika kuchimba mfereji au kutengeneza barabara ya mlimani, hupigwa mbiu ya msaragambo na kila nyumba hutoa mtu. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya hapo Same kuipinga kodi ya mbiru, na madai ya kila mmoja yakawa ya wote. Watu wanaoitikia namna hiyo wanawezaje kutoitika sauti iliyo umbali wa ukuta mmoja?

Jawabu tulilozoea ni kwamba mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Wanaojua kidogo dini huongeza kwamba Uislamu umekataza upelelezi, na hilo ni kweli, limo katika Surat Al-Hujurat. Husimulia pia habari za Sayyidna Umar (R.A.), aliyeparamia ukuta na kumkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamkumbusha Khalifa kwamba yeye mwenyewe amepeleleza, hakuingia kwa mlango na hakubisha hodi, na Umar akamwacha. Simulizi hiyo ni nzuri, ila haiwafai wanaoitumia. Imamu Ghazali, katika sehemu ya Ihya inayohusu kuamrisha mema na kukataza maovu, ameeleza kwamba ovu lililofichwa ndani ya nyumba halichunguzwi, lakini likitoa sauti ikasikika nje, haliwi tena siri. Yeye alikuwa akizungumzia vinanda na makelele ya walevi. Basi itakuwaje kwa sauti ya binadamu anayeomba asiuawe? Aliyeita "majirani" amekwisha kutoa ruhusa.

Wapo pia wanaoitaja aya ya 34 ya Surat An-Nisaa, wakaisoma kana kwamba imeshushwa iwe leseni. Hawaielezi pamoja na mwenendo wa yule aliyeteremshiwa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na wanawake walipofika kwa wingi nyumbani kwake kuwashitakia waume zao, hakuwaambia warudi wakafiche siri za ndoa. Aliwatangazia watu kwamba waume wa namna hiyo si wabora wao.

Iko habari nyingine ambayo ingefaa isomwe zaidi misikitini. Sahaba Abu Mas'ud (R.A.) alikuwa akimpiga mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake ikimwita na kumwambia ajue kwamba Mwenyezi Mungu ana uwezo juu yake zaidi ya uwezo alio nao yeye juu ya yule kijana. Alipogeuka akamwona Mtume (S.A.W.). Papo hapo akamwacha huru mtumwa yule. Tuangalie ilivyokuwa. Mtume alikuwa akipita njia, na kwa desturi ya zama zile bwana na mtumwa wake lilikuwa jambo la ndani kuliko hata mume na mke. Hakumshika mkono wala hakumpiga. Alisema, tena kwa sauti iliyosikika kabla hajaonekana, na pigo likakoma.

Yeye mwenyewe (S.A.W.) naye alipata kuokolewa na mtu aliyekuwa karibu. Alikuwa akisali penye Al-Kaaba, Uqba bin Abi Mu'ayt akamtia nguo shingoni na kumkaba kwa nguvu. Abu Bakr (R.A.) alikuja, akamshika Uqba bega na kumsukuma mbali, akauliza kama wanataka kumuua mtu kwa kuwa tu anasema Mola wake ni Mwenyezi Mungu. Kusukuma na kuuliza, basi. Hakutafuta kisasi.

Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu kuingilia nako kuna hatari yake. Surat Al-Qasas inatusimulia Nabii Musa (A.S.) alipoingia mjini akawakuta watu wawili wakipigana, mmoja wa kabila lake. Huyo akamwomba msaada, Musa akampiga ngumi yule mwingine, naye akafa. Musa hakujisifu kwamba amemtetea mnyonge. Alikiri kwamba hiyo ni kazi ya Shetani, akaomba msamaha. Kesho yake mtu yuleyule aliyemsaidia akaonekana tena katika ugomvi mwingine! Baadaye, huko Madyan, Musa aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao pembeni ya kisima huku wachungaji wakinywesha. Safari hii alianza kwa kuuliza wana jambo gani. Alipojibiwa aliwanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini. Mtu ni yuleyule na mkono ni uleule, lakini mara ya pili uliza ilitangulia ngumi.

Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaosikia "ondoa ovu kwa mkono" wakaelewa "piga." Yowe linaloweza kuokoa linaweza pia kuua. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Zilivuma habari kwamba ni wanyonya damu, watu wakakusanyika, na wote watatu wakauawa, na gari lao likachomwa moto. Waliokimbilia pale waliamini kwamba wanaokoa. Katika umati wa namna ile, shahidi anayepaswa kusimama ni yule anayesema, "Subirini, tuwapeleke polisi." Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba ndugu asaidiwe akiwa anadhulumiwa na akiwa anadhulumu, na alipoulizwa dhalimu anasaidiwaje, alijibu kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo mwenye kuuzuia umati unaotaka kumchoma mtoto aliyeiba kuku anawasaidia watu wawili: mtoto yule na jirani yake mwenye kibiriti. Nikikumbuka ule mchi niliokuwa nao, naona kwamba nami nilihitaji msaada huo.

Siku hizi yuko na shahidi wa tatu, mwenye simu. Mwaka huohuo wa 2016 nchi nzima iliona video ya mwanafunzi wa sekondari ya Mbeya Day akipigwa na walimu waliokuwa katika mafunzo. Sisemi kwamba picha haina faida; ile iliwafikia viongozi wa juu na hatua zikachukuliwa. Lakini mwenye kupiga picha yuko hatua chache kutoka kwa anayepigwa, na mdomo wake hauna kazi nyingine wakati huo.

Sheria zetu, kwa bahati njema, haziko upande wa wanaokaa kitandani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kanuni ya Adhabu inamruhusu mtu kumtetea mwingine anayeshambuliwa, mradi nguvu anayotumia isizidi inayohitajika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlazimu kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto, na ipo namba 116 ya kupiga kwa ajili ya mtoto.

Hata hivyo saa saba za usiku mtu hafungui vitabu vya sheria. Nililojifunza la kufanya saa hiyo nimelijifunza kwa bibi mmoja, muuza tangawizi kutoka Mamba, aliyehamia chumba cha mwisho katika nyumba yetu mwezi uliofuata. Usiku kelele zilipoanza tena kule nyumba ya pili, nilisikia kitasa chake kikifunguka. Akatoka na kanga mabegani na kibatari kilichozimika, akapita mlangoni kwangu na kusema, "Wewe mjukuu wangu, njoo unishikie huu mkono, mimi sioni gizani." Sikuwa na pa kujificha. Nikatoka. Akagonga mlango wa watu wale kwa fimbo yake.

"Hodi! Hodi wenyewe! Nimeishiwa kiberiti."

Kimya. Akagonga tena, akataja jina la mume, akauliza kama wamelala. Wapangaji wenzangu waliposikia sauti yake walitoka mmoja mmoja, wakasimama uani. Mume alifungua mlango, jasho linamtoka. Bibi akamwambia, "Samahani, baba. Na huyo mkeo aje anitafutie, wewe hutajua kilipo." Mwanamke akatoka. Bibi akamshika mkono, akaondoka naye taratibu kuelekea chumbani kwake, akimweleza mambo ya tangawizi na mvua za Mamba kana kwamba ni saa nne asubuhi. Mume alibaki mlangoni, akitutazama sisi watano, sita, tuliosimama bila rungu wala panga. Hakusema neno, akaingia ndani.

Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, Bibi. Hukuogopa?"

"Marahaba. Niliogopa sana," akasema. "Ndiyo maana nilikuchukua wewe."

Akanituma kwa mwenyekiti wa kitongoji, nami nikaenda. Kaka zake yule mwanamke walishuka kutoka mlimani Jumapili, wakakaa na mume mbele ya mwenyekiti na wazee wawili wa msikiti, na maneno yaliyosemwa siku hiyo hayakuwa matamu. Sikusikia tena yowe kutoka nyumba ile kwa muda wote niliokaa Same, ingawa siwezi kuapa yaliyokuwa ndani.

Kiberiti kilirudishwa asubuhi ileile. Alikileta mwanamke mwenyewe, Bibi akasogeza kigoda chake cha pili, na wakakaa humo jikoni wakizungumza mpaka adhana ya adhuhuri.