Umetoka kumzika mama, sasa usijilazimishe kuwa sawa

UMERUDI Nairobi juzi kutoka mazishini ushago. Kundi la WhatsApp la kuchangisha pesa limenyamaza, watu wanaondoka mmoja mmoja. Kazini umepewa pole, kisha ukaonyeshwa kazi iliyorundikana. Usiku, ukiwa peke yako chumbani, unashika simu umpigie mama. Halafu unakumbuka.

Kama wewe ni Mkristo, bila shaka umeambiwa hadi ukachoka kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Aliyekuambia hakuwa na nia mbaya. Lakini moyoni una swali ambalo hukuthubutu kumuuliza pasta: mbona yeye, na mbona sasa? Na kwa sababu unauliza, unaogopa kwamba hata imani yako imekufa.

Haijafa. Hebu soma tena habari za Ayubu. Alipofiwa na watoto wake wote kumi, marafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya la maana. Waliharibu mambo walipoanza kumweleza kwa nini amepatwa na msiba. Mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, na kumtetea Ayubu aliyekuwa amelia na kulalamika waziwazi. Na ukisoma kitabu chote, hutaona popote Ayubu akielezwa sababu.

Yesu naye alifika Bethania akijua fika kwamba atamfufua Lazaro. Bado alilia. Kwa hivyo anayekuambia muumini halii, anakudai imani kumshinda Yesu mwenyewe. Mkristo anaamini kaburi si mwisho na ana tumaini la kuonana tena na wapendwa wake, lakini hilo halimzuii kulia leo.

Huenda pale kaburini mliimba ule wimbo maarufu wa kusema rohoni ni salama. Aliyeandika maneno yake ni Horatio Spafford, wakili wa Chicago, Marekani. Novemba 1873 mabinti zake wanne walikufa maji meli ya Ville du Havre ilipogongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki. Mkewe, Anna, aliokolewa. Spafford aliandika wimbo huo baada ya msiba huo.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni iliyofuata. Mnamo 1880 mtoto wao mdogo wa kiume naye akafariki kwa homa. Wimbo haukuwakinga na machozi mengine. Mwaka uliofuata walihamia Jerusalem pamoja na waumini wenzao, wakaishi huko wakiwahudumia maskini, wawe Waislamu, Wayahudi au Wakristo. Mabinti wao hawakurudi, lakini uchungu wao haukuishia kwao tu. Kuna watu waliopata msaada kutoka kwa familia iliyojua kufiwa ni nini.

Kwa hivyo usijilazimishe kupata maana ya msiba wako wiki hii. Omba ukweli, hata kama leo ukweli wenyewe ni kwamba una hasira na Mungu. Ukikosa maneno, kaa kimya mbele zake. Mwambie rafiki mmoja wa kanisani aje mle pamoja jioni, asihubiri. Na ukiona hulali, huli, au unawaza kujidhuru, muone mshauri nasaha au daktari mapema. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Siku moja mwenzako atafiwa. Wengine watatuma mchango, wahudhurie mazishi, warudi kwa shughuli zao. Wewe utajua kwamba wiki ya sita ndiyo ngumu, simu zikiwa zimekoma. Utampigia. Hutakuwa na jibu la kwa nini, na hatakuuliza. Utamwambia tu, "Niko hapa nje, nifungulie."