Masika Ngorongoro na Karatu: Wakati wa Ndege wa Majini na Maji Yanayowaleta

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika nyanda za juu za Ngorongoro mwezi Machi, idadi ya magari ya watalii katika barabara ya Karatu hupungua. Wengi huamini kuwa msimu mzuri wa kutembelea Kreta ni ule wa kiangazi, na kwa anayetafuta simba au faru imani hiyo ina sababu zake. Kwa anayetafuta ndege hali ni kinyume. Kati ya mwezi Machi na katikati ya Aprili, ndege wahamiaji waliokuja kutoka Ulaya na Asia huwa bado hawajaondoka, na ndege wenyeji huwa wameanza kujenga viota. Makundi hayo mawili hukutana katika ardhioevu moja kwa majuma machache tu.

Sababu ya mkutano huo iko mbali na Tanzania. Mwezi Machi ni mwanzo wa majira ya machipuko katika nchi za kaskazini. Barafu huyeyuka, wadudu hurejea, na siku huwa ndefu kiasi cha kuwawezesha ndege kulisha makinda kwa saa nyingi. Korongo weupe waliofika katika nyanda za Ngorongoro na Serengeti kuanzia mwezi Novemba huanza safari ya kurudi Ulaya. Ndege huyu huelea angani kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa hiyo ni haba juu ya bahari, hulazimika kuizunguka Bahari ya Mediterania. Makundi yanayotoka Afrika Mashariki hufuata bonde la Mto Nile, huvuka Sinai, hupita Mashariki ya Kati na kuingia Ulaya kwenye Mlango-bahari wa Bosporus.

Wakulima wa Karatu wanamfahamu korongo huyu kwa sababu nyingine. Chakula chake kikuu awapo Afrika ni panzi na viwavijeshi, wadudu ambao mlipuko wao unaweza kumaliza shamba la mahindi au ngano katika siku chache. Hivyo si busara kumfukuza anapotua shambani, na hafanani hata kidogo na kwelea kwelea, ambao hula nafaka na ambao Serikali huwadhibiti. Viuatilifu vinavyopulizwa bila kufuata maelekezo ya wataalamu humfikia korongo kupitia wadudu anaowala.

Ndani ya Kreta, kivutio kinachojulikana zaidi ni heroe wa Ziwa Magadi. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji huingia yakiwa yamebeba chumvi za miamba ya volkano, kisha hupotea kwa mvuke tu, na magadi hubaki. Samaki wa kawaida hawawezi kuishi humo, lakini vimelea vidogo vya jamii ya mwani hustawi, na hivyo ndivyo chakula cha heroe mdogo. Ndege huyu huinamisha kichwa na kupindua mdomo juu chini, kisha huchuja maji kwa ulimi na vichujio vilivyo ndani ya mdomo. Heroe mkubwa, mrefu zaidi na mweupe zaidi, hutafuta viumbe wadogo wa majini kwenye tope. Rangi ya waridi ya ndege wote wawili hutokana na chakula hicho. Kinda huzaliwa akiwa na rangi ya kijivu.

Mgeni anayefika Ziwa Magadi na kukuta heroe wachache hana haja ya kudhani kuwa wamekufa. Mvua kubwa huzimua magadi na kupunguza mwani. Ukame nao hukausha kingo. Katika hali zote mbili heroe huhama, mara nyingi usiku, kwenda Ziwa Manyara, Eyasi, Ndutu au Natron. Natron, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, ndilo eneo kuu la kuzaliana la heroe wadogo wa Afrika Mashariki, na bonde lake limeorodheshwa tangu mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ardhioevu, maarufu kama Mkataba wa Ramsar, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Kwa maneno mengine, heroe wa Ngorongoro si wa Ngorongoro peke yake. Mwaka 2004, heroe wadogo wengi walipokufa Ziwa Manyara, watafiti walihusisha vifo hivyo na sumu inayotolewa na baadhi ya aina za mwani.

Heroe huishi katika maji ya magadi, lakini huhitaji maji baridi ya kunywa na ya kuosha chumvi kwenye manyoya. Ndiyo maana hukusanyika mahali ambapo vijito huingia ziwani. Mto Munge hushuka kutoka Olmoti, hupita kwenye kinamasi cha Mandusi na kufika Ziwa Magadi. Upande wa mashariki, chemchemi za Ngoitokitok hulisha kinamasi cha Gorigor. Huko ndiko hutaga korongo-taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda na ambaye sasa yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwenye nyasi ndefu zinazozunguka vinamasi, madume meusi yenye mikia mirefu huruka juu na kushuka papo hapo, mara nyingi mfululizo, ili kuwavutia majike. Mchezo huo hauonekani kiangazi.

Maji hayo yote huanzia kwenye msitu wa nyanda za juu, na msitu huo huo ni chanzo cha maji kwa vijiji vya Karatu. Mvua na ukungu vinavyonaswa na miti hupenya ardhini na kutokeza tena chini zaidi, ikiwemo Mang'ola katika bonde la Eyasi, ambako chemchemi humwagilia mashamba ya vitunguu yanayofahamika nchi nzima. Maji yanayobaki baada ya umwagiliaji ndiyo yanayofika kwenye kingo za Ziwa Eyasi, ambalo katika miaka ya ukame hukauka karibu lote. Mfereji unaovuja shambani na mti unaokatwa msituni huwagusa mkulima na heroe kwa pamoja, ingawa mkulima ndiye anayeweza kusema.

Kwa wananchi wanaokusudia kwenda wakati wa masika, yapo mambo ya kuzingatia. Barabara za kushuka na kupanda Kreta huteleza, na gari linalohitajika ni lenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kiingilio hulipwa kabla ya kuingia, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na viwango vya raia huthibitishwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hairuhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa katika vituo vilivyotengwa. Ngoitokitok ni kimojawapo, na wanaokula hapo nje ya gari hunyang'anywa chakula na mwewe mara kwa mara. Darubini ya mkononi husaidia kuliko kulisogelea ziwa, kwa kuwa heroe wanaorushwa kila mara hupoteza muda wa kula.

Baadhi ya ndege wahamiaji huvalishwa pete ya chuma au ya plastiki mguuni, yenye namba na jina la kituo kilichoivalisha. Mwananchi anayemwokota ndege mwenye pete akiwa amekufa anashauriwa asimshike kwa mikono mitupu, anakili maandishi yote, tarehe na mahali alipomkuta, kisha atoe taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au katika ofisi ya hifadhi iliyo karibu.