Parachichi dirishani Brussels: mti utaupata, tunda usilitegemee

BRUSSELS – Anayepita mtaa wa Matonge, katika kata ya Ixelles, hukuta madukani karibu kila kitu kinacholiwa kwetu: ndizi za kupika, mihogo, sombe, samaki wakavu na maparachichi, au avoka kama waitavyo ndugu zetu wa Goma na Bukavu. Parachichi likishaliwa, hubaki kokwa. Na katika nyumba nyingi za watu wetu hapa kokwa hilo haliendi kwenye taka, linawekwa dirishani katika glasi ya maji.

Wasomaji wetu walio nyumbani huenda wakacheka. Huko Rungwe au Murang'a, kokwa likitupwa nyuma ya jiko mvua humaliza kazi yote. Hapa Ubelgiji mambo ni tofauti, na wengi hukata tamaa mapema kwa kutojua mambo machache tu.

Kwanza, kokwa lioshwe vizuri bila kuchubuliwa. Lichomekwe vijiti vitatu vya kuchokolea meno, kisha likae juu ya glasi, upande wake mpana ukiwa chini ndani ya maji na ncha ikitazama juu. Maji yabadilishwe kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili hadi sita, na pengine miezi miwili wakati wa baridi, kokwa hupasuka, mzizi ukashuka na chipukizi likapanda. Mwenye haraka hapati kitu.

Shina likifikia sentimita 15 hivi, likatwe katikati. Inauma kuukata mti ulioungoja hivyo, lakini usipokatwa hurefuka kama fimbo bila matawi. Ukishatoa majani mapya, uhamishiwe kwenye chungu chenye matundu chini, nusu ya kokwa ikiachwa juu ya udongo. Umwagiliwe pale tu udongo wa juu unapokauka, kwani maji mengi huozesha mizizi.

Adui mkubwa ni majira ya baridi. Mwezi wa Desemba, mchana wa Brussels hauzidi sana saa 8, wakati mti huu kwetu umezoea saa 12 mwaka mzima. Mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa, na maji ya bomba ya mji huu yana chokaa nyingi. Ndiyo maana ncha za majani hugeuka kahawia. Dawa yake ni maji ya mvua, dirisha lenye mwanga mwingi, na chungu kuwekwa mbali na mtambo wa joto. Kuutoa nje kwenye roshani kusubiri katikati ya Mei, baada ya siku ambazo wakulima wa hapa huziita za watakatifu wa barafu. Wanaofuga ndege au sungura wawe waangalifu, majani yake ni sumu kwao.

Je, utazaa? Tusidanganyane. Mti wa kokwa huchukua miaka mingi kutoa maua hata ukiwa shambani, na ndani ya nyumba za Ulaya ni nadra sana kuzaa. Tena kokwa halirudishi tunda lilelile. Aina ya Hass, inayojaa katika maduka ya hapa, ilitokana na mche mmoja wa mbegu wa Rudolph Hass, mtu wa posta huko California, aliyeusajili mwaka 1935. Mti huo ulikufa mwaka 2002, lakini miti yote ya Hass duniani imetokana na vikonyo vyake, vilivyobebeshwa kwenye mashina ya miti mingine. Wakulima wa Kenya na Tanzania wanaouza Ulaya hupanda miche ya kubebesha kwa sababu hiyo.

Basi kwa nini tuhangaike? Sisi tulioondoka makwetu bila kupenda tulikaa miaka tukikataa kununua chochote kisichoingia kwenye sanduku. Kitanda kilikuwa cha kuazima, na ukutani hatukupigilia msumari. Tulisema mwaka ujao tutarudi. Kupanda mti, hata ndani ya chungu, ni kukubali kwamba mwaka ujao pengine tutakuwa hapahapa, na si kila mtu yuko tayari kulitamka hilo. Wa kwetu sasa una miaka minne na umehama nasi nyumba mbili. Haujatoa ua. Lakini watoto waliozaliwa hapa, ambao parachichi walilijua kama kitu chenye kibandiko cha bei, sasa wanaujua mti wake kwa majani, na wao ndio wanaogombania kuumwagilia.

Kwa wale wanaongoja majibu ya hifadhi mwezi baada ya mwezi, tunasema jaribuni. Kokwa halina bei, na glasi moja inatosha. Nanyi mlio nyumbani, mkilitupa nyuma ya jiko, msiliwekee jiwe juu.