Mwanabaiolojia si Daktari Aliyekosa Nafasi



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutuuliza swali lile lile: kijana akifaulu baiolojia, atakuwa daktari? Na baadaye akikosa nafasi ya udaktari, nyumbani huonekana kama aliyeanguka. Sisi tunaolea vijana tunaona mawazo haya yanawavunja moyo bure. Mwanabaiolojia ana kazi yake mwenyewe, na taifa linaihitaji.

Tutazame mfano wa Kihansi. Mto huu unaporomoka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Mwaka 1996 watafiti walikuta hapo, penye manyunyu ya maporomoko, chura mdogo wa rangi ya manjano asiyefika sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengi, bali huzaa watoto walio hai. Hakuna mahali pengine duniani alikokutwa akiishi porini.

Bwawa la umeme lilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kwenda kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua. Nchi ilihitaji umeme, na chura alihitaji manyunyu. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Hata hivyo, mwaka 2003 vyura wa porini walipungua ghafla, na kati yao ukakutwa ugonjwa wa fangasi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Lakini wale waliotunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo walikuwa wamezaliana. Mwaka 2010 baadhi yao walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa Kihansi.

Kazi hiyo ilihitaji watu wa aina nyingi: anayejua vyura, anayejua fangasi, anayejua mimea, na anayejua kuhesabu na kupima bila kukisia. Hao ndio wanabaiolojia.

Katika bonde hilo hilo kuna Taasisi ya Afya Ifakara. Huko wapo wanaochunguza mbu: anauma saa ngapi, ndani ya nyumba au nje, anazaliana wapi, na ni dawa gani haimuui tena. Daktari humtibu mgonjwa wa malaria, na mtafiti wa mbu hutafuta njia ya kumzuia mtu asiugue. Wengine huchunguza samaki, wanyamapori, mbegu za mazao au usalama wa maji ya kunywa.

Njia yenyewe ikoje? Kidato cha tano na sita, kijana huchagua tahasusi yenye baiolojia na kemia, kama PCB au CBG. Kisha huenda chuo kikuu, kwa mfano Dar es Salaam au Sokoine kule Morogoro. Anayependa wanyamapori anaweza pia kusoma Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro. Hesabu asiziache, hasa takwimu, maana mtafiti asiyejua takwimu atategemea wengine wamsomee matokeo yake mwenyewe.

Tuseme ukweli pia. Kazi za utafiti mara nyingi ni za mkataba, na mradi ukiisha, mtu hutafuta mwingine. Shahada ya kwanza peke yake mara nyingi haitoshi kuongoza utafiti. Kuna usiku wa kukesha porini, na kuna miezi ya kupima jambo moja bila kupata jibu. Kijana ayajue haya mapema, ili akichagua achague akiwa macho wazi.

Waseminari wetu wanamjua Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Alishindwa mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Lakini tangu mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, akahesabu maelfu ya mimea, na mwaka 1866 akachapisha matokeo. Alifariki mwaka 1884 kabla ulimwengu haujatambua kwamba alikuwa ameweka msingi wa elimu ya urithi. Hakuwa daktari, lakini leo madaktari wanaitegemea kazi yake.

Basi mzazi, ukimwona mwanao akiinama muda mrefu kutazama siafu au kufuatilia kiota cha ndege, usimfukuze. Mnunulie daftari na kalamu, mwambie aandike tarehe, saa na alichokiona, kisha jioni muulize ameona nini.